Rangi Mbili kwa Maziwa

Jumapili, tarehe 5 Novemba 1995. Mvua ilianza tukiwa kanisani, na tulipotoka ilikuwa bado inanyesha. Haikuwa mvua ya kishindo, ilikuwa ile ndogo ndogo inayoingia mpaka kwenye mifupa. Ukungu ulikaa bondeni hadi mchana, na moshi wa kambi ya wakimbizi ukalala juu yake bila kupanda.

Naanza na tarehe na mvua kwa sababu hayo mawili nina hakika nayo. Mengine nayaeleza kama nilivyoyaona, na mtu mwingine aliyekuwepo anaweza kusema haikuwa hivyo. Nilisoma mpaka darasa la saba tu. Mambo ya dawa siyajui, nayajua ya uso wangu.

Mwaka ule uso wangu ulikuwa umeharibika. Chunusi wanapata wengi, na nyumbani walinicheka mwanzoni wakasema ni ujana, zitaisha. Zangu hazikuwa za kufinya zikaisha. Zilikuwa kubwa, zina usaha, mashavuni na kidevuni, nyingine zinaungana mbili tatu zinakuwa kama jipu. Usiku nililala chali, maana ubavu wowote ulinipa maumivu. Tulikuwa na kipande cha kioo cha pembeni cha lori, kilichookotwa njia ya Rusumo, kule mpakani. Mama alikichukua akakificha, akisema ninajitazama mno. Labda ni kweli. Lakini hata bila kioo nilijua, kwa sababu watu wakizungumza na mimi macho yao yalishuka kidevuni halafu yakakimbilia pembeni.

Nilikuwa nimeshaposwa. Kijana alikuwa wa kijiji cha ng'ambo ya bonde, huko huko Bukiriro kwetu, ila muda mwingi alikuwa Rusumo akipakua mizigo ya malori. Kwao walikuwa na ng'ombe. Sisi tulikuwa na ndizi, maharage na muhogo. Posa ilishapokelewa, ikabaki wao kuja na pombe ya ndizi kuzungumza mahari na kupanga ndoa. Kabla ya hapo walikuja shangazi zake wawili kuniona. Mmoja alinishika kidevu, akanigeuza uso upande huu na upande huu kama mtu anayekagua ndizi sokoni. Kisha akamwambia mama kwa adabu kabisa:

"Dada, binti ni mzuri. Ila uso upone kwanza, halafu tutakuja."

Mama alijibu, "Haina shida, utapona."

Ilikuwa na shida. Miaka ile, kitu chochote kikitokeza kwenye ngozi ya mtu, watu waliwaza jambo moja. Hawakulitaja jina, walisema "ugonjwa" tu, na kila mtu akaelewa ugonjwa upi. Siwezi kuwalaumu wale shangazi. Mkoa wetu ulikuwa umezika, na wao walikuwa wamezika. Hata mimi, nikiwa peke yangu shambani, nilijiuliza, ingawa hapakuwa na sababu ya kujiuliza. Kwa hiyo ikabaki hivi: uso ukipona, naolewa. Usipopona, watasubiri kidogo kwa heshima, halafu hawatakuja, na baada yao hatakuja mwingine, kwa sababu atauliza hao wa kwanza waliona nini.

Tulijaribu ndimu. Tulijaribu sabuni ya mche, nikanawa mpaka ngozi ikapasuka. Bibi, mama yake baba, aliniponda majani ambayo sitayataja kwa sababu sina hakika kama ni yenyewe. Hakuna kilichosaidia.

Kisha tukasikia habari za rangi mbili. Ni vile vidonge vya ganda, upande rangi hii na upande rangi ile, ndani unga. Sokoni kambini kulikuwa na kila kitu miaka ile: mafuta, mahindi, mablanketi, sufuria, na dawa pia, zimepangwa juu ya turubai kama karanga. Msichana mmoja niliyesoma naye alizimeza uso ukakauka kabisa, ukabaki kama haujawahi kuota kitu. Mwingine, jirani yetu wa chini, alizimeza zikamchoma kifua akaacha, akasema ni heri chunusi. Kwa hiyo sikwenda nikiwa nimedanganywa. Nilijua kwamba kuna aliyepona na kuna ambaye hakupona.

Nilienda na mama, naye akiwa na mikungu ya ndizi ya kuuza. Muuza dawa alikuwa mama wa kikimbizi, mtu mzima, amejifunga kitenge kilichofifia. Kiswahili chake kilikuwa kama chetu tu, kile cha sokoni, l na r zikibadilishana viti.

"Shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba, binti. Ni huo uso?"

"Ndiyo."

Mama akachukua kidonge kimoja, akakigeuzageuza. "Hii inatibu nini hasa?"

"Usaha wote. Kidonda, kikohozi, uso. Inakausha. Asubuhi kimoja, mchana kimoja, jioni kimoja." Akanitazama. "Lakini ni kari. Asimeze tumbo tupu, itamchoma."

"Umeona mtu aliyepona?"

"Binti yangu alikuwa na uso kama huu. Nilimpa hii hii."

"Akapona?" mama akauliza.

Yule mama alikuwa anafunga vidonge kwenye kipande cha gazeti. Alikunja kona moja, akakunja ya pili, akanipa. "Tulipotezana njiani," akasema. "Alikuwa ameanza kukauka hapa," akajigusa shavu.

Wapo waliosema baadaye kwamba wakimbizi walituuzia dawa mbovu. Mimi sisemi hivyo. Alituambia alichokijua, na dawa yenyewe haikuwa mbovu.

Kosa lilitokea nyumbani, na lilitokea kwa wema. Kwetu, neno "dawa kali" halikai peke yake. Likitamkwa tu, mtu anatafuta maziwa. Aliyelishwa kitu kibaya hupewa maziwa. Aliyemeza vidonge vya malaria vikamzungusha kichwa hupewa maziwa. Maziwa hupoza, hilo hakuna anayelibishia. Yule mama alisema nisimeze tumbo tupu. Mama yangu alisikia: ameze na maziwa. Mimi pia nilisikia hivyo. Ila hatukuwa na ng'ombe.

Habari zikavuka bonde, sijui kwa mdomo wa nani, zikamfikia mama yake mchumba wangu. Asubuhi moja akapita kwetu akielekea shambani kwake, amebeba kibuyu.

"Nimesikia mkwe wangu anameza dawa kali," alisema. "Dawa kali bila maziwa itamtoboa utumbo. Anywe haya."

Mama alipokea kwa mikono miwili, akakunja goti. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikilia kwa furaha, maana aliniita mkwe. Kibuyu kilinukia moshi ule mzuri wa vibuyu vilivyofukizwa. Tangu siku ile akawa anapita karibu kila asubuhi, anaacha kibuyu, anarudi jioni kukichukua, naye mama anatia ndani ya kibuyu maharage kidogo au karanga, kwa sababu kibuyu cha maziwa hakirudi kitupu.

Bibi alinieleza jambo jingine nisilolijua. Alikuwa mkali wa utani, ananiita mke mwenzangu.

"Mke mwenzangu, hayo maziwa ni yako peke yako. Yakitumwa kwa mchumba yananywewa na mchumba. Hata mimi na kiu yangu siyagusi. Ukinywa umemjibu kwamba nyumba yake umeitaka."

"Na nisipokunywa?"

"Basi umemjibu pia."

Nikanywa. Kidonge kinashika kooni, nakisukuma kwa maziwa, kinashuka. Kila asubuhi, kwa maziwa ya mama mkwe. Cha mchana na cha jioni nilivimeza na yaliyobaki. Nilikuwa nacheua ladha ya ganda na maziwa mpaka nimalize kupalilia mstari mzima wa shamba. Halafu likaja jua. Nilipalilia siku moja bila kujifunga kichwa, jioni mashavu yakawa mekundu yakawaka kama ya mtu aliyeinamia moto, baada ya siku chache ngozi ikachubuka. Chunusi zilikuwa pale pale. Mama yake mchumba alinitazama, akatikisa kichwa kwa huruma, na kesho yake akaleta kibuyu kikubwa zaidi.

Nilipoona sasa nina chunusi na kuungua juu yake, nilienda zahanati. Foleni ilikuwa ndefu, wenyeji na wakimbizi tumekaa kwenye mabenchi yale yale tukisogea tako moja moja. Nesi alikuwa mmoja na amechoka. Nilimwonyesha ganda la kidonge nililobeba kwenye pindo la kanga.

"Una mimba?" akauliza.

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi nyuma yangu alikaa mwanamke wa ng'ambo ya bonde.

"Hapana."

"Nauliza kwa sababu dawa hii haimfai mwenye mimba. Inaharibu meno ya mtoto. Huna?"

"Sina, dada."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nimeshalifikiria sana na bado naona alikuwa na haki. Lakini kuanzia hapo masikio yangu yalikuwa nyuma, kwenye benchi, na mengi aliyosema niliyapata nusu nusu.

"Unaimeza na nini?"

"Na maziwa."

Akaweka kalamu chini. "Na maziwa? Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi umekuwa ukiyanywesha maziwa dawa, wewe hujaipata. Inashikana na maziwa humo tumboni inapita hivyo hivyo. Meza na maji, maji mengi, na usilale hapo hapo. Jua likiwaka jifunike. Na maziwa achana nayo."

Labda alisema niyaache saa ya dawa tu, niyanywe saa nyingine. Nimewahi kumsikia nesi mwingine akisema hivyo, miaka mingi baadaye. Nilichosikia siku ile ni kwamba niachane nayo. Akanipa vidonge vingine, vya kutosha wiki kadhaa, akaniambia nisitarajie kuona kitu haraka.

Nyumbani tulikaa jikoni watatu, mimi, mama na bibi, tukitazama kibuyu. Kilikuwa kimejaa.

"Tumwambie," nikasema.

"Tumwambie nini?" mama akauliza. "Kwamba maziwa yake yanaharibu dawa? Mwanangu, mtu amekukamulia ng'ombe wake. Ukimwambia maziwa yake ni mabaya, hatasikia habari za dawa. Atasikia maziwa yake ni mabaya."

"Ni nesi aliyesema."

"Nesi ataolewa na mwanawe?"

Kumwaga haikuwezekana. Maziwa hayamwagwi, hilo hata mtoto anajua. Mwisho mama akamsogezea bibi kibuyu. Bibi alikataa, akasema tumwondolee balaa. Mama akamwambia, "Mama, ni wiki chache tu, uso ukauke." Bibi alikuwa hana meno, na kwa miezi alikuwa anaishi kwa uji na mchuzi. Akanywa akiwa ameugeuzia mlango mgongo.

Mimi nikameza na maji. Sasa nilionja kile walichokuwa wakikisema wengine. Tumbo liliwaka, nilikaa wima kama niliyeketi kanisani nikingoja lipoe. Mara mbili nilitapika nyuma ya nyumba. Nilitaka kuacha. Nilimfikiria yule jirani wa chini aliyesema heri chunusi na nikaona hakuwa mjinga. Lakini nilijifunga kitambaa nikaendelea, na wiki za kwanza hapakuwa na kitu. Kisha, sijui siku gani hasa, nililala ubavu. Niliamka asubuhi nikajikuta nimelala ubavu.

Mchumba wangu alikuja Jumapili moja ya mwezi wa kumi. Alikaa mbali kidogo nami kwenye ubao, nje, mama akiwa anatuona.

"Uso umepungua," alisema.

"Bado alama."

"Alama si kitu. Hata lori likipata pancha halitupwi, linazibwa linaenda."

"Kwa hiyo mimi lori?"

"La tani saba," akasema, akacheka, na mimi nikacheka. Nilicheka bila kufunika mdomo na kanga. "Mama anasema ni maziwa yake yamefanya kazi."

Nilimwangalia mama. Mama aliangalia chini.

"Anastahili shukrani," nikasema.

Huo haukuwa uongo wote.

Sasa ile Jumapili ya mvua. Mama yake mchumba alitoka kanisani akapitia kwetu kujikinga, na pia alikuwa na neno: wakubwa wao wameona uso wa binti, wameridhika, wanataka kuleta pombe kabla ya Krismasi. Alilisema akiwa anakamua maji kwenye pindo la kitenge. Alinishika kidevu kama yule shangazi, lakini yeye kwa upole, akanigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Si mnaona," akasema. "Maziwa."

Hapo ndipo bibi alipotoka jikoni. Alikuwa amenenepa kidogo wiki zile, mashavu yamejaa, anatembea bila fimbo. Alisikia neno maziwa na sauti ya yule mama, na bibi alikuwa mtu asiyeweza kupokea kitu bila kushukuru. Alikuwa amevumilia kunyamaza muda wote ule. Nadhani ulikuwa umemlemea.

"Mwanangu," alisema, akamshika mikono yote miwili, "Mungu akuongezee ng'ombe. Nilikuwa nimeshakuwa wa kuzikwa. Hayo maziwa yako yamenirudisha. Tazama, ninatembea."

Yule mama alitabasamu kwanza. Tabasamu lilibaki midomoni wakati macho yameshaondoka.

"Maziwa gani, mama?"

Bibi akaelewa. Nilimwona akielewa. Akaachia mikono.

"Kidogo tu," bibi akasema. "Yaliyobaki."

"Maziwa yaliyobaki hayamnenepeshi mtu hivyo." Akanigeukia. "Wewe ulikuwa unakunywa?"

"Nilikunywa, mama. Mwanzoni nilikunywa yote."

"Mwanzoni."

Nikajaribu kumweleza. Nilisema dawa na maziwa vinashikana tumboni. Nilisema nesi. Nilisikia maneno yangu yakitoka na nikaona jinsi yalivyo dhaifu. Kama angeniuliza vinashikanaje, nisingejua.

"Maziwa yazuie dawa?" alisema, hakupaza sauti. "Mimi nimelea watoto saba kwa maziwa. Wameumwa wamemeza dawa kwa maziwa, wako hai. Kama hukuyataka si ungesema tu? Ningeelewa."

"Niliyataka, mama."

"Bibi yako ndiye aliyeyataka."

Mama yangu alipiga magoti. "Dada, kosa ni langu mimi. Tuliogopa kukuudhi."

"Basi mmeogopa vizuri," akajibu. "Nipeni kibuyu changu."

Mama alikimbilia ndani, nikasikia akifungua mfuko, akipima maharage haraka haraka kwenye ungo, mengi kuliko siku zote. Yule mama akamfuata hadi mlangoni, akakichukua kibuyu kutoka mkononi mwake kabla hakijatiwa kitu.

"Msihangaike," akasema.

Akaondoka nacho kitupu kwenye mvua ile ile. Mama alibaki ameshika ungo.

Pombe haikuja. Baadaye tulisikia mengi. Wengine walisema nilikataa maziwa, maana yake nilikataa nyumba. Wengine walisema zahanati niliulizwa mimba, na nesi haulizi bila sababu. Wengine walirudia kwenye ule ugonjwa, kwamba mtu anayemeza dawa wiki hadi wiki ana jambo. Sijui lipi ndilo lililotuangusha. Inawezekana hakuna hata moja, labda walishapata binti mwingine mwenye shamba kubwa. Kijana alirudi Rusumo, na sikumsikia akinisema vibaya, hilo nalisema kwa sababu ni haki yake. Wala hakuja kuniuliza. Mama yake tulikutana kanisani miaka na miaka, tukasalimiana. Nampa shikamoo, ananiitikia marahaba, tunapita.

Uso ulipona kabisa mwaka uliofuata, wakati wa Kwaresima. Dawa nilishaimaliza zamani. Sijui kama ni yenyewe au ni umri ulifika. Msichana mwenye uso kama ule akiniuliza, namwambia aende zahanati, ameze kwa maji, na asisikilize nusu.

Lakini jioni ya Jumapili ile hayo yote yalikuwa bado mbele. Mvua ilikatika jua likizama. Bibi alikaa kwenye kona ya jiko, hakuniita mke mwenzangu, na mama hakumlaumu, wala mimi sikumlaumu. Yale maharage ya kwenye ungo mama hakuyarudisha mfukoni. Aliyaosha akayabandika, akayachanganya na ndizi. Kuni zilikuwa mbichi, na kavu hazikupatikana tena karibu, kambi ilikuwa imemaliza vichaka vyote. Hayakuiva vizuri. Tuliyatafuna hivyo hivyo, yakilia kwenye meno, na bibi akanywa mchuzi.